Mama alisema uchungu, mimi nikaandika hasira

Leo mwandishi wenu hana habari ya barabara wala ya bei ya makala. Leo iko kosa moja nililolifanya mimi mwenyewe. Watu wa kwenye robine wameniambia kwamba kama nililitangaza wazi, basi nilirekebishe wazi. Wana haki.

Ilikuwa Jumamosi ya salongo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na munajua kanivo yetu ile: chupa za plastiki, mifuko, matope, na maji yakikosa njia yanaingia ndani ya parsela za watu. Vijana wachache walikuja na majembe. Wengi walibaki mlangoni wakitazama. Waliojaa kazini walikuwa wamama, na kati yao wamama sita au saba wa wale tunaowaita wadeplase. Nikaona hiyo ni habari nzuri, nikatoa telefoni, nikamusogelea mmoja aliyekuwa amefunga kitenge kiunoni na miguu iko kwenye matope. Ni mwalimu, alifundisha shule ya msingi Goma miaka mingi. Nikamuuliza, mama, munafanya hii kazi juu ya nini, na hamujamaliza hata mwaka hapa?

Akanijibu: “Tuko na uchungu na huu mutaa. Maji ikiingia, haiulize nani ni mwenyeji.”

Jioni nikakaa kuandaa habari. Sauti ilikuwa ndefu, nikakata ile sentensi ya pili. Ya kwanza nikaiweka kwa maneno yangu, kwa haraka, kama tunavyofanya sote wakati betri inabaki na asilimia kumi na umeme hakuna. Nikasema hivi: wamama waliohamishwa na vita wana hasira na mutaa wetu juu ya uchafu. Nikatuma. Nikala bukari yangu na sombe, nikalala vizuri.

Jumatatu kwenye robine maneno yalikuwa yameanza. “Ah, wamekuja kulala kwetu, sasa wanatukasirikia.” Mwingine: “Kama mutaa ni muchafu, barudie kwabo.” Mbele ya wiki kuisha, mwenye parsela anakopanga yule mama alimwita na kumwambia, kwa adabu sana, kwamba kama hapa hapamupendezi anaweza kutafuta nyumba nyingine mwisho wa mwezi. Mama yuko na watoto wanne na mkwe wake muzee. Garanti ya nyumba alilipa kwa kuuza telefoni na pete. Walitoka Goma mwisho wa Januari 2025 wakati mji ulipoanguka, wakapita ziwa hadi Bukavu, Bukavu nayo ikaanguka Februari, wakashuka Uvira, wakapanda mashua ya Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, na kutoka Kalemie juu ya mizigo ya lori mpaka hapa. Miji yote hiyo hakuna aliyewafukuza kwa sababu ya neno. Neno lililotaka kuwafukuza lilikuwa langu.

Hakuja na kelele. Alikuja asubuhi, akapiga hodi, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya muembe, akauliza habari ya nyumba, ya watoto, ya mama yangu. Kisha akasema, “Mwanangu, ulinisikia vibaya.”

Nikamujibu, “Mama mwalimu, si ulisema uko na buchungu na mutaa?”

“Nilisema. Na nchi yangu niko na uchungu nayo. Na watoto wangu niko na uchungu nao. Je, nawachukia?”

Nilikosa jibu. Hapo ndipo nilielewa. Kwa Kiswahili alichosoma na kufundisha yeye, kile cha vitabu, ambacho pia Watanzania wanakisema, mtu akiwa na uchungu na kitu, anakipenda hadi kinamuuma. Mtu mwenye uchungu na nchi yake ni yule anayeitetea. Nyumbani kwetu, mimi niliyezaliwa hapa, nikisikia muntu eko na buchungu na mwenzake, nasikia kinyongo. Nasikia kitu kimekaa kwenye koo na hakijashuka. Neno moja, na herufi b tu mbele, lakini yeye alikuwa ndani ya nyumba na mimi nilimuweka nje.

Tangu siku ile nimekuwa nikiokota maneno haya kama mtu anayeokota misumari baada ya kukanyaga mmoja. Na niwaambie, tunayo mengi.

Chukua uchungu peke yake. Kinini ni chungu, na ladha yake ni uchungu. Mama anayetaka kuzaa yuko na uchungu. Aliyefiwa yuko na uchungu. Anayependa nchi yake yuko na uchungu nayo. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayetaka kupigana. Na hasira yenyewe, neno nililomubandika yule mama, ilitoka Kiarabu, na kule neno lake la asili ni la majonzi na majuto, ni pumzi ya mtu aliyepoteza. Ilipofika kwetu ndiyo ikapata meno.

Kisha iko kisirani. Hapa Lubumbashi, na Goma pia, mtu akisema “papa eko na kisirani leo”, watoto wanajua: usiombe pesa, usiguse redio. Ni hasira, tena ile ya karibu kulipuka. Sasa nenda Kasumbalesa, ukae na madereva wa malori kutoka Dar es Salaam, wale wanaopita Tunduma na kukatisha Zambia nzima kuleta mizigo yetu. Kwao kisirani ni mkosi, ni nuksi, ni lori kupasuka matairi mawili siku moja. Dereva mmoja alinichekesha. Kijana wetu wa kupakua mizigo alimwambia “patron yangu eko na kisirani”, naye akamuonea huruma yule patron kwa sauti kubwa, mbele yake: “Pole sana ndugu, itapita, omba Mungu.” Patron akadhani anachekwa, na hapo kweli kisirani kikapanda. Cha Lubumbashi, si cha Dar.

Ng'ambo ya mpaka ule, Chililabombwe, watu wanachanganya Kibemba na Kiingereza. Binamu yangu anafanya biashara huko, na alinifundisha neno la Kiingereza “upset”. Linasemwa kwa chombo kilichopinduka, kwa tumbo lililovurugika, na kwa mtu aliyeumia moyoni. Nikaona, hao nao wanajua kwamba hasira na huzuni zinaanzia tumboni. Neno halikuambii kama mtu analia au anataka kupiga. Linakuambia tu kwamba ndani yake kitu kimepinduka, na ni juu yako kuuliza. Siku ile ningekuwa na neno la namna hiyo, labda ningeuliza.

Kwa nini Kiswahili chetu kiko hivi, kinafanana na cha wengine na hakifanani? Wazee wanajua, lakini watoto wetu na wageni wetu labda hawajaelezwa. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono ya kuchimba na kuyeyusha shaba, ikawatafuta watu mbali: Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Kasai, Rwanda, na vijiji vya Katanga yenyewe. Waliwekwa pamoja kwenye kambi, nyumba kwa nyumba. Kiswahili ndicho kiliwaunganisha, lakini kila mmoja alikitia chumvi ya kwao. Ndiyo maana tunasema bunga na bulongo na butamu. Mwalimu wa vitabu anaona makosa. Mimi naona nyayo za watu waliopita.

Lakini wale watu hawakuacha hasira zao kwa lugha zao. Mbemba aliyekasirika yuko na icipyu, na ndani ya neno hilo iko moto, kitu kinachoungua. Muluba wa Kasai anasema tshiji. Huzuni yake anaiita kanyinganyinga, na hata kama hujui Tshiluba, lirudie taratibu, utaona linavyoburuta miguu. Tena huyo huyo anakusalimia kwa “Moyo”. Ndiyo, salamu yake ni uhai wenyewe. Mulingala, yaani askari na muziki wa Kinshasa, alituletea nkanda, hasira. Na mawa, huzuni. Na motema likolo, moyo uko juu. Hilo la mwisho si kiburi, kama wengine wetu tunavyodhani. Ni mtu mwenye wasiwasi, moyo umepanda na haujapata pa kukaa. Mara ngapi tumemwambia mtu kama huyo “shusha roho”, tukidhani anajivuna!

Kifaransa nacho kimefungua duka lake. Fashe, enerve, shoke. Nimegundua kwamba hapa mtu akitaka hasira yake isionekane kubwa anaisema kwa Kifaransa. “Niko enerve kidogo” inaweza kusemwa hata ofisini. “Niko na kisirani” hapana, hiyo inafunga mlango. Na “niko shoke” inasemwa kwa kila kitu siku hizi, kwa kifo na kwa bei ya mafuta, mpaka neno limechoka.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu iko jambo linalogusa afya za watu.

Nilipoanza kuuliza uliza, nilimusindikiza baba mmoja kwenye kituo cha afya. Huyu hakutoka Kivu. Alitoka upande wa Mitwaba, ile sehemu kati ya Mitwaba, Manono na Pweto ambayo tumezoea kuiita pembetatu ya kifo, na yuko huku miaka mingi tayari. Wakimbizi wa vita vya zamani tunawasahau wakati vita vipya vinafika. Baba alimwambia muuguzi, “Niko na mawazo.” Muuguzi ni kijana mwema, aliandika kwenye karatasi kwa Kifaransa kwamba mgonjwa anafikiri sana. Nilitaka kucheka. Kufikiri sana, kwa Kifaransa, ni sifa ya mwanafunzi! Kisha akamupima, akakuta damu imepanda, akaandika tansio, akatoa vidonge. Vidonge ni vizuri, simlaumu. Lakini baba alirudi nyumbani na mawazo yake yote. Hakuna aliyemuuliza ni mawazo gani.

Kwetu, mtu akisema ana mawazo, si kwamba anatafuta akili. Anasema usiku haulali, kile kilichotokea kinarudi, kinazunguka, hakitoki. Washona wa Zimbabwe wana neno lao kwa hali hiyo, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Neno hilo halikubaki kijijini. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani waliliweka ndani ya kitabu chao kikubwa cha magonjwa ya akili, kati ya majina ambayo watu wa dunia wanayapa mateso yao. Na huko Harare, daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 na wabibi kumi na wanne wa mutaa wa Mbare. Aliwafundisha kukaa kwenye benchi karibu na kliniki na kumusikiliza mtu mwenye kufungisisa, kwa lugha yake, kwa maneno yake, kisha kumusaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Kazi yao ilipimwa vizuri, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la madaktari wa Marekani: waliokaa na wabibi walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Wabibi, benchi, na neno sahihi. Wabibi sisi tunao. Benchi, seremala wa Bel-Air anaweza kutengeneza kwa siku moja.

Nisiende mbali. Nilikuwa nasema juu ya kosa langu.

Mmoja wa wazee wa avenue yetu, Mukasai, alikuja kuniona jioni moja. Alikuwa amesikia ile habari na pia maneno ya robine. Hakunigombeza. Alinikumbusha mwaka 1992. Mimi nilikuwa mutoto, nakumbuka tu kwamba jirani zetu wawili walifunga mizigo na kwamba mama yangu alilia. Yeye alikuwa Likasi. Alisema mambo hayakuanza kwa fimbo. Yalianza kwa neno, bilulu, wadudu, lililosemwa kwa watu wa Kasai mikutanoni na sokoni mpaka likawa la kawaida midomoni, hata kwa watu wema waliocheka tu. Baada ya hapo watu walikaa kwenye stesheni ya gari moshi, na watoto na magodoro, wakisubiri kusafirishwa kwenda Kasai ambako wengi wao hawakuzaliwa na hawakuwahi kufika. Watoto walikufa hapo wakisubiri. “Wewe hukusema bilulu,” aliniambia. “Lakini ulisema ‘wao wana hasira na sisi’. Hiyo ni ngazi ya kwanza, mutoto wangu. Mimi naijua ile ngazi, niliishuka na familia yangu.”

Sikulala usiku ule. Niko na mawazo, ningesema, kama muuguzi angenipima.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa shefu wa avenue, nikamueleza. Tukaenda wawili kwa yule mwenye parsela. Niseme ukweli, haikuwa kama kwenye filamu. Muzee yule alikuwa ameumia. Aliwapokea wale watu mara ya kwanza bila kudai garanti yote, na alisikia kwenye telefoni kwamba wanamukasirikia. Alisema, “Mimi pia niko na roho.” Nikamuwekea sauti yote, bila kukata, pamoja na ile sentensi ya maji. Aliisikiliza mara mbili. Kisha akanyamaza. Kisha akauliza kwa nini sentensi ya pili sikuiweka. Nikajibu ilikuwa ndefu. Akanitazama namna ambayo sitaisahau. Ilikuwa ya sekunde nne.

Amekubali wabaki. Hakusema mpaka lini, na mama hajauliza. Nilitamani kuwaambia kwamba wamekula pamoja na wamecheka, lakini hawajala pamoja. Wanasalimiana. Mke wa mwenye parsela alimupelekea mama makala siku ya mvua, hiyo niliiona kwa macho. Kwenye robine bado iko sauti moja au mbili zinazosema kwamba maneno yangeanza wapi kama hakuna moto. Hao nimewaalika wasikilize sauti yenyewe; iko kwangu, mupige hodi saa yoyote.

Kwa wale ndugu wapya wanaonisoma: mukimusikia mutu wa hapa anasema “wee, unanivimbisha”, hajasema mumemupiga. Anasema mumemukasirisha, na mara nyingi anasema akicheka. Mukisikia “aacha tu”, hapo muulize tena, kwa sababu hapo ndipo iko jambo. Na “pole” yetu ni ile ile mnayoijua, ya kazi, ya safari, ya msiba. Hiyo haijabadilika njiani kutoka kwenu hadi kwetu, namshukuru Mungu.

Kwa sisi wenyeji: wengi wao wanasema hasira pale tunapotaka kusema kisirani, na uchungu pale tunapotaka kusema huruma, na wakinyamaza si kwamba wamenuna. Mama mwalimu aliniambia kwamba tangu Uvira mkwe wake hasemi neno baada ya jua kuzama. Jirani mmoja alidhani muzee ana dharau. Muzee anasikiliza kama kuna risasi.

Nimemuomba mama mwalimu asome habari zangu mbele sijatuma, walau zile zinazowahusu wao. Amekubali, lakini kwa masharti: niandike kwa kalamu kwanza, kwa karatasi, kwa sababu kwenye telefoni macho yake yanachoka, na anapenda kutumia biki nyekundu. Hii munayosoma imepita kwake. Amenifutia maneno matano, mawili nimeyarudisha kwa siri.

Basi maneno yake ndiyo haya, yote, kama alivyoyasema siku ile akiwa ndani ya matope: “Tuko na uchungu na huu mutaa. Maji ikiingia, haiulize nani ni mwenyeji.”

Salongo inayofuata ni Jumamosi, saa moja asubuhi, tunakutana kwenye ile kanivo. Mwenye jembe alete jembe. Mwenye toroli, tunaiomba sana, ile ya mara iliyopita imevunjika gurudumu.